Kumwandaa mwanafunzi wa kidato cha sita kwenda chuo: mwongozo kwa walimu na wazazi wa Tabora na Kigoma

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa ushauri wa wanafunzi wa kidato cha sita hapa Tabora, niliita kikao cha mambo ya chuo wiki moja kabla ya mtihani wa taifa. Bwalo lilijaa. Nikaeleza udahili, nikaeleza mkopo, nikaeleza matumizi ya fedha mpaka jasho likanitoka. Kijana wa mstari wa mbele alikuwa na karatasi ya Kemia kaikunja kiganjani, kila nikigeukia ubao anaichungulia. Mwishoni nikauliza kama kuna swali. Likaja moja: "Mwalimu, leo prepo ipo?"

Siku hizi naanza Agosti, kidato cha sita kikishatulia, na kazi naigawa mpaka Aprili. Kalenda yenyewe inalazimisha. Mtihani ni Mei. Haupiti muda majina ya wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yanatoka. Matokeo huja Julai. Dirisha la mkopo na madirisha ya udahili hufunguliwa katika miezi hiyohiyo, na vyuo hupokea wanafunzi Oktoba au Novemba. Yaani mambo mazito yote humkuta kijana yuko kambini na bukta, simu haiko mkononi. Ambaye hakuandaliwa na mwalimu wala mzazi kabla ya Mei, ataandaliwa na kijana wa steshenari.

Hatua ya 1: Bahasha

Kila mwanafunzi alete bahasha moja ngumu ya kaki. Kufikia Desemba ndani yake kuwe na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), picha ndogo za pasipoti, na kwa aliyefiwa, cheti cha kifo cha mzazi. Orodha ni fupi. Kuikamilisha ndiko kunakochukua miezi.

Kwanza majina. Mama mmoja alishuka kwenye treni kutoka Kazuramimba, cheti cha mwanawe kakifunga kwenye nailoni mbili, na nailoni kazifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kikague mwenyewe, mie macho yameniacha."

Cheti cha kuzaliwa kilisema Yusufu Hamisi. Cheti cha kidato cha nne kilisema Yusuph Khamis. Kwa mama yule huyo ni mtoto mmoja aliyemzaa mwenyewe. Kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili, na mmoja wao hana mkopo. Cheti cha Baraza la Mitihani kiwe ndicho kipimo, maana ndicho kigumu kukibadilisha na ndicho vyuo na Bodi ya Mikopo huanza nacho. Kama mtoto bado hajajisajili NIDA, aende na vyeti vyote viwili na asiondoke dirishani mpaka asome jina lake herufi kwa herufi. Kama tofauti imeshaingia, tafuteni wakili aandae hati ya kisheria ya majina na kuisajili. Hilo ni la wiki kadhaa na lina gharama, kwa hiyo lianze mapema. Na msikubali kauli ya "hiyo si herufi moja tu". Herufi moja ndiyo hiyo inayokataliwa.

NIDA kwa watoto wa Kigoma ina kazi ya ziada. Wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko zinapakana na Burundi, na maswali ya uraia huko huwa mengi kuliko ya mtoto wa Dodoma. Mtoto anaweza kuulizwa mpaka babu alizaliwa kijiji gani. Nimeona binti anajibu kwa machozi akidhani anatuhumiwa. Mwambieni mapema kwamba ataulizwa, mpeni majina ya ukoo na vijiji, na aende na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Kuhusu cheti cha kifo, huwa nauliza mmoja mmoja, faraghani, kamwe si darasani. Baba alifia kijijini, akazikwa, arobaini ikasomwa, na hakuna aliyekumbuka karatasi. Miaka minane baadaye mfumo wa mkopo unamwuliza mtoto baba yuko wapi. Familia ianzie kwa mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya wilaya inayoshughulikia vizazi na vifo. Vyeti vyote viwili, cha kuzaliwa na cha kifo, lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao kabla ya kuombea mkopo, na uhakiki huo hauji siku hiyohiyo.

Mwisho ni barua pepe. Hili naliwekea kipindi kizima. Mwanafunzi akienda steshenari kuomba chuo, kijana wa pale humfungulia akaunti kwa namba ya simu ya kwake mwenyewe na nywila anayoijua yeye. Wiki tatu baadaye ujumbe wa udahili unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha msahau. Kila mwanafunzi afungue anwani yake mwenyewe, kwa jina lake halisi (nimeshakutana na "mtotomzuri" kwenye maombi ya kozi ya sheria), na aandike nywila zake kwenye karatasi inayokaa ndani ya bahasha. Wataalamu wa usalama wa mtandao watanipinga. Lakini wao hawajawahi kumsaka kijana aliyeko JKT ili awaambie nywila.

Hatua ya 2: Hesabu ya alama na uchaguzi wa kozi

Wazazi wengi, na walimu wasiokuwa wachache, wanahesabu kwa divisheni. Vyuo vinaangalia alama za masomo. Kwa kiwango cha chini cha kuingia shahada, mwanafunzi wa kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi. General Studies na BAM (hisabati ya msingi) hazimo kwenye hesabu hii, hata ukipata alama ya kung'aa.

Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, yamo kwenye kitabu cha mwongozo kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kinapatikana bure kwenye tovuti yake. Nawapa zoezi: kila mmoja achague kozi tatu, aandike masomo inayoyataka, kisha aandike alama alizopata kwenye mtihani wa moko. Moja iwe ya ndoto, moja inayolingana na moko, na moja ambayo ataipata hata mtihani ukimwendea vibaya. Kazi kubwa iko kwenye hiyo ya tatu. Vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wote ni madaktari mpaka matokeo yatoke.

Maombi hutumwa moja kwa moja kwenye chuo. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja ni lazima athibitishe kimoja tu kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya siku zilizopangwa. Asiyethibitisha anapoteza nafasi. Hapo ndipo laini ya simu yenye jina lake mwenyewe, si ya kijana wa steshenari, inapofanya kazi.

Na kuna vyuo vya karibu. Tabora mjini kuna chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani. Kwa ambaye alama hazikufika, diploma kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, ni barabara halali ya kufika shahada, japo ni ndefu kidogo. Waambie wazazi hili kabla ya matokeo. Baada ya matokeo watalisikia kama pole ya msibani.

Hatua ya 3: Mkopo

Fomu ya Bodi ya Mikopo hujazwa mtandaoni, kwa ada ya shilingi 30,000 ambayo hairudi. Kisha inachapishwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inapigwa mhuri na serikali ya kijiji au mtaa, inapelekwa kwa hakimu au wakili, halafu inaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Ukurasa mmoja ukikosa mhuri, kazi yote imelala.

Kwa hiyo mdhamini atafutwe Machi, si Julai. Awe na namba ya NIDA, awe anafikika, na aelezwe wazi anachokisainia. Kwa kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iandikwe na kuwekwa kwenye bahasha. Mtoto akiwa kambini, mzazi au kaka ndiye atakayekimbia na karatasi kwa mtendaji, kwa hiyo huyo mtu aonyeshwe bahasha na ajue kila kilichomo. Mimi humwita shuleni siku ya kikao cha wazazi, hata kama ni dada wa darasa la saba.

Waelezeni na hili: Bodi hupima uwezo wa familia, na wengi hupata sehemu tu. Unaweza kupewa fedha ya chakula na malazi kamili ukaachiwa robo ya ada. Familia ijiulize mapema hiyo robo itatoka wapi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hupata fedha masoko yanapofunguliwa katikati ya mwaka, na kufikia Novemba imekwisha kwenye mbolea na madeni. Atenge fungu la chuo siku ileile ya malipo. Kwa wavuvi wa Kigoma kalenda imekuwa ngumu zaidi. Mwaka 2024 uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ambayo nauli ya JKT, ada ya maombi na karatasi za wakili zinadaiwa kwa pamoja. Fungu lao litengwe kabla ya Mei.

Na mkopo ni deni. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Nasema hivyo bila kuwatisha, maana bila mkopo mimi nisingesoma, lakini kuna vijana wanadhani ni zawadi ya serikali.

Hatua ya 4: JKT

Msiichukulie kama kikwazo. Kwa mtazamo wangu ni sehemu ya maandalizi, kwani mtoto anajifunza kufua, kuamka, na kuishi na watu asiowajua. Kambi zetu za huku ni Msange Tabora, na Bulombora, Kanembwa na Mtabila Kigoma, ingawa mtoto anaweza kupangwa mkoa wowote. Vifaa hutajwa kwenye tangazo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Vinunuliwe taratibu kuanzia Januari, kwani majina yakitoka tu bei sokoni hupanda.

Vyeti halisi vikitakiwa kambini, nakala zilizothibitishwa zibaki nyumbani kwenye bahasha.

Hatua ya 5: Kusoma bila kengele

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hapa ndipo shule zetu za bweni zinapochangia kuwaangusha. Mwanafunzi wetu anaamshwa na kengele, anakula kwa kengele, anasoma prepo kwa kengele na kulala kwa kengele. Akikosa paredi anaulizwa. Chuo hakuna wa kumwuliza. Anaweza kukosa vipindi wiki tatu na hakuna atakayejua mpaka jina lake lionekane kwenye ubao wa waliopata supu, yaani wanaotakiwa kurudia mtihani. Akirudia kufeli, anadisko, yaani anaondolewa chuoni, anarudi nyumbani na tranka lake.

Mambo manne ya kufanya shuleni, hayahitaji bajeti.

Wiki moja kila mwezi fundisha kama lecha. Usiandike notisi ubaoni. Ongea dakika arobaini, kwa Kiingereza, taja vitabu viwili, ondoka. Kisha wakutane wawili wawili walinganishe walichoandika. Mara ya kwanza utakuta daftari tupu, au lenye sentensi moja iliyokatika katikati kwa sababu mwandishi alitaka kunakili kila neno. Mara ya tatu wanaanza kuandika hoja. Wenzangu watasema silabasi haitaisha. Inaisha. Nimeijaribu kwenye Historia na Jiografia, na mwenzangu wa Baiolojia kaijaribu.

Jumamosi moja futa prepo. Usiwape ratiba, waambie tu kwamba Jumatatu kuna jaribio. Usiwafuate. Jumatatu wape jaribio, na baada ya kulisahihisha mkae mwaongee Jumamosi ile ilikwendaje. Wavulana wa bweni moja walicheza mpira mpaka magharibi, wakalala, wakapata sifuri. Walijifunza zaidi siku hiyo kuliko kwenye hotuba zangu zote.

Wafundishe hesabu ya chuo. Kwa kawaida kazi na majaribio ya muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Maana yake ni kwamba jaribio la wiki ya sita, ambalo mwaka wa kwanza wengi hulidharau, tayari ni sehemu ya matokeo. Vyuo vingi hupima kwa GPA, yaani wastani wa alama, yenye kilele cha 5: daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5. GPA ya mwaka wa kwanza inaingia kwenye hesabu ya mwisho, na kuipandisha baadaye ni kama kuchota maji ya kisima kwa kijiko. Waambie pia kwamba madesa, yaani notisi na maswali ya zamani ya waliotangulia, yanasaidia kujua maswali yalivyokaa, hayafundishi somo. Na kunakili kazi ya mtu ukaweka jina lako ni kosa linalofukuzisha.

La nne, kila mmoja achape kurasa mbili za insha kwa mikono yake kwenye kompyuta ya shule, azihifadhi, azitume kwa barua pepe. Kompyuta zikiwa tano kwa wanafunzi mia, panga zamu usiku. Binti mmoja aliniambia kwamba kazi yake ya kwanza chuoni alilipia kuchapishiwa, na ya pili, na ya tatu, mpaka akagundua fedha ya chakula imehamia steshenari.

Hatua ya 6: Bumu

Fedha ya mkopo ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, huhesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu. Fungu la siku sitini ni 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, hiyo ni mali.

Wape zoezi darasani. Kila mmoja ana 600,000 kwenye karatasi. Wapigie simu waliotangulia walio Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na Mwanza, waulizeni mbele ya darasa kodi ya chumba ni kiasi gani, sahani ya wali maharage ni kiasi gani, nauli ya daladala ni kiasi gani. Kisha kila mmoja agawe. Watashtuka hapa: asiyepata hosteli ya chuo hupanga geto, yaani chumba cha mtaani, na mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Nusu ya darasa hubaki na fedha ya wiki mbili za kula.

Baada ya hapo uliza swali ambalo hakuna anayeliuliza: nyumbani utatuma ngapi? Kimya huwa kirefu. Wengi wana wadogo zao, na mama akisikia bumu limetoka atapiga simu, si kwa ubaya. Mzazi na mtoto wakubaliane kiasi kabla ya kuondoka, hata kama ni sifuri. Makubaliano ya sebuleni ni mepesi kuliko ugomvi wa kwenye simu.

Na bumu la kwanza halitangulii mwanafunzi. Linakuja baada ya usajili, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Aende na fedha ya kula ya mwezi mmoja.

Hatua ya 7: Safari

Kutoka Kigoma, treni ya reli ya kati hupita Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora kabla ya kufika Dodoma. Tangu 2024 anayekwenda Morogoro au Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya umeme ya SGR kuanzia Dodoma. Kwa basi, Dar es Salaam utashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, si Ubungo kama tulivyoshukia sisi. Afike mchana, apokewe na mtu anayejulikana, na mzigo usibebwe na yeyote asiyeombwa.

Godoro na ndoo vinapatikana kokote. Dagaa wa Kigoma abebe, atapata marafiki. Mawese yakae kwenye mfuko wake peke yake. Mimi chupa yangu ilipasuka ndani ya begi tukiwa tunaiacha Urambo, na fomu yangu ya uchunguzi wa afya ilifika chuoni imegeuka rangi ya machungwa. Mpokeaji aliinusa, akaniuliza kama naumwa. Tangu hapo nasema bahasha ya vyeti ikae kifuani, si kwenye begi.

Hatua ya 8: Maneno ya faragha

Wasichana na wavulana wakae tofauti, na mwalimu wa jinsia yao. Elezeni kwamba mhadhiri akitaka mwili ili atoe alama, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, haina gharama. Tunza ujumbe, usifute. Elezeni pia kwamba upweke wa mwezi wa kwanza ni wa kila mtu. Aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu anakuta darasa zima lina wa kwanza wa shule zao, na hilo huumiza kimyakimya. Wengine huacha kula, wengine huacha kwenda darasani. Kila chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ajue iko jengo gani wiki ya kwanza, akiwa mzima.

Baada ya kuondoka

Wekeni kwenye kalenda simu mbili. Ya kwanza wiki ya pili: umeshasajiliwa, kadi ya bima ya afya unayo, umelala wapi? Ya pili wiki ya sita, na hiyo ndiyo muhimu. Usimwulize "masomo yanaendaje", atasema yanaenda vizuri. Mwulize jaribio la kwanza lilikuwa lini, na alipata ngapi kati ya ngapi. Akianza kueleza kwa urefu kuhusu hali ya hewa ya Dodoma, mwambie utampigia tena kesho saa mbili usiku, na umpigie kweli.